Huyu bwana wa "kizio gani?" hatumpatii dawa?

Nimerudi barzani sasa hivi, hata kanzu sijavua, mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule yule wa kofia ya viua, ukimuuliza saa naye anakuuliza.

Nimekaa zangu nasubiri kahawa. Ananitupia mbele za watu: "13 shufwa au witiri?" Nikasema witiri, tena kwa sauti, mtoto wa chekechea analijua hilo. "Kizio gani?" Akatoa chaki mfukoni (mtu mzima anatembea na chaki!) akaandika sakafuni: kizio cha saba, yaani unafunga saba saba badala ya kumi kumi, hiyo 1 ni saba moja, hiyo 3 ni tatu, jumla kumi. "Kumi shufwa, yakhe."

Barza nzima chini! Muuza kahawa kagonga vikombe kama yuko ngomani. Mzee mmoja kacheka mpaka meno ya bandia yakabaki kwenye kashata.

Mie! Niliyekuwa nasahihisha madaftari ya wenzangu skuli! Inaishia na tatu halafu shufwa!

Kisha akasema aliyeshindwa anunue vikombe 10. Sawa, nikakubali. Tulikuwa watu kumi na wanne, wote wakanywa. Nauliza, naambiwa kila kizio kikijiandika chenyewe kinakuwa 10, na leo barza inahesabu kwa kizio cha kumi na nne. Nimelipa. Lakini si pesa. Ni ile 13. Shufwa! Wallahi!

Dumna_Sita: Kizio kikiwa witiri huangalii tarakimu ya mwisho, unajumlisha zote. 1 na 3 ni 4, shufwa. Ulikwenda skuli kula maembe?

KashataMoto: Mie nataka kujua meno yalitoka?

Mtoto wa Wete: Mie kaniweza kwa 121. Kasema nichague kizio nnachotaka kuanzia tatu, siku zote itatoka mraba. Saba: 1 ya mwanzo ni saba mara saba, 49, 2 ni saba mbili, 14, na 1, jumla 64, nane mara nane. Tatu: 16. Nikakesha natafuta kitakachomshinda, mke wangu kahamia kwa mamaake.

Mleta uzi: Hamjanielewa. Kaandika SAKAFUNI. Kwa CHAKI. Bado ipo, watu wanapita wanasoma.

KashataMoto: Nimepita. Nimesoma. 😂

Shungi: Afadhali yako. Nimenunua korja mbili za boriti, zimeshushwa 36. Namwambia korja ni 20 tangu enzi za babu, ananiambia kahesabu mwenyewe.

Dumna_Sita: Sahihi. 36 kwa kizio cha tisa huandikwa 40. Korja zako mbili hizo.

Shungi: We ndo yeye nini?

Mtoto wa Wete: Boriti za siku hizi hata 40 zikitimia, kumi ni fito. Mie za banda langu zimepinda kama mkia wa paka.

Mleta uzi: Jamani, 13.

KashataMoto: Tumesikia bwana. Hivi urojo wa pale kona wamepunguza bajia, au naonewa mie tu?

Shungi: Wamepunguza! Na embe hawatii tena, wanatia ndimu na maji ya moto.

Mtoto wa Wete: Juzi nimepewa kiazi kimoja. Kimoja!