Naomba ushauri: ulaji wa mafuta na gharama za kutunza Nissan GT-R iliyotumika

Msafiri Makini:
Wakuu, habari za wakati huu. Baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu nimepata Nissan GT-R, gari la kasi, ya mwaka 2017 ambayo mwenyewe anaiuza kwa bei ninayoimudu bila kukopa, lakini kabla ya kutia saini ningependa kuwasikia watu waliokwisha kuishi na magari ya aina hii. Gari langu la sasa lina injini ya lita 1.5 na hunipa wastani wa kilomita 15 kwa lita. Kwa mwaka naendesha takriban kilomita 10,000, na theluthi mbili ya hizo ni za mjini, nyingi zikiwa kwenye foleni. Vipimo rasmi vya Marekani vinaipa GT-R ya modeli hiyo maili 16 kwa galoni mjini, 22 barabara kuu na 18 kwa wastani, yaani kilomita 6.8, 9.4 na 7.7 kwa lita. Je, namba hizo zinafikiwa na dereva wa kawaida, na kuna namna yoyote ya kupunguza ulaji huo? Nitashukuru kwa ushauri wa gharama nyingine pia, ingawa mafuta ndiyo yanayonitisha zaidi.

Fundi wa Turbo:
Ndugu Makini, dereva mtulivu huzifikia namba hizo, isipokuwa ile ya mjini, ambayo foleni nzito huweza kuishusha hadi kilomita 5 kwa lita au chini yake. Wengi hudhani gari la kasi linakula mafuta kwa sababu tu linakimbia, kumbe hasara kubwa hutokea likiwa linatambaa. Injini hiyo ni ya lita 3.8, silinda sita, turbo mbili (vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu farasi 565, ilhali kutembea kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare kunahitaji nguvu farasi zisizozidi 30 hivi. Muda mwingi, basi, injini inafanya kazi ndogo mno kulinganisha na uwezo wake: mlango wa hewa umefunguka kidogo tu, na pistoni zinapoteza nguvu kwa kuvuta hewa kupitia upenyo huo mwembamba. Gari likisimama, silinda zote sita zinaendelea kuunguza petroli bila kukusogeza hata hatua moja, na likiondoka linalazimika kusukuma upya uzito wa kilo 1,750 ambao dakika moja baadaye utausimamisha tena kwa breki, nguvu uliyoilipia ikiishia kuwa joto kwenye diski.

Ukikanyaga hadi mwisho, mambo hugeuka kabisa. Hapo kompyuta ya injini humwaga petroli zaidi ya ile inayoweza kuungua, tena kwa makusudi, kwa sababu ziada hiyo ndiyo inayozipoza silinda na turbo. Na kwenye barabara kuu ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 130 unapambana na ukinzani uliozidi kwa karibu asilimia 70.

Linalosaidia ni kuachia kanyagio la mafuta mapema unapoona foleni mbele, kukagua upepo wa matairi yakiwa baridi, na kutoliacha gari likinguruma bure kwa kisingizio cha kupasha injini. Vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta usivinunue.

Abiria wa Nyuma:
Mshukuru Mungu kwamba hukupata Bugatti Veyron, ambalo kwa mwendo wake wa juu kabisa, unaozidi kilomita 400 kwa saa, humaliza tangi lake la lita 100 kwa takriban dakika 12. Samahani kwa kuingilia, endeleeni.

Hesabu Kwanza:
Ndugu Makini, naona umeielekeza hofu yako mahali pasipostahili. Chukua namba zako mwenyewe: kilomita 10,000 kwa gari la sasa ni lita 667 hivi kwa mwaka, na kwa GT-R, kwa mgawanyo ulioueleza wa mjini na barabara kuu, ni kama lita 1,340. Tukikubali onyo la Fundi kuhusu foleni, tufanye lita 1,700. Ongezeko lako, basi, liko kati ya lita 670 na 1,030 kwa mwaka. Zidisha na bei ya petroli unayonunua, utapata kiasi unachoweza kukipangia mwezi hadi mwezi bila kushtukizwa.

Kinachowaangusha wanunuzi ni gharama zinazokuja kwa mkupuo. Gari la mkono wa pili hushuka bei kila mwaka, lakini vipuri vyake havishuki pamoja nalo, kwa hiyo unaweza kununua gari kwa nusu ya bei yake ya awali ukaendelea kulitunza kwa bei ya gari jipya. Anza na matairi. Ya mbele ni 255/40 na ya nyuma 285/35 (upana kwa milimita, kisha kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), yote ya rimu ya inchi 20, ya aina inayoweza kutembea hata yakiishiwa upepo. Mpira wake ni laini ili ushike barabara, na mpira laini hauishi muda mrefu. Mtu akipata kilomita 20,000 kutoka seti moja ameendesha kwa adabu. Diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 390, kwa hiyo usitegemee kuzilipia kama za gari la lita 1.5. Giaboksi yenye klachi mbili imewekwa nyuma ya gari na hutumia oili yake maalumu, ambayo si ya kubahatisha na fundi wa mtaani. Injini nayo inataka oili ya sintetiki ya 0W-40. Bima itakadiriwa kwa thamani na nguvu za gari, si kwa utulivu wako.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kununua uwe na fedha ya seti moja ya matairi, pedi na diski za magurudumu yote manne, na huduma kamili ya giaboksi, zote zikiwa pembeni na hazihesabiwi kwenye bei ya kununulia. Ikiwa akiba hiyo haipo, gari bado hulimudu, hata kama muuzaji amekupunguzia.

Msafiri Makini:
Hesabu, nakushukuru, sikuwahi kuyapanga hivyo. Nina maswali mawili ya nyongeza. Je, nikiweka petroli ya okteni ya chini (yaani inayowaka yenyewe kwa urahisi zaidi ikibanwa) nitaharibu injini, au nitapunguziwa nguvu tu, jambo ambalo kwangu si hasara? Na je, naweza kubadilisha matairi mawili kwa wakati mmoja ili kugawanya gharama?

Fundi wa Turbo:
Kuhusu okteni, sikushauri. Sensa hutambua mchanganyiko unapowaka kabla ya wakati wake, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini. Ukifanya hivyo siku moja kwa dharura na ukaendesha polepole, hutaona balaa. Hata hivyo cheche iliyochelewa huzalisha kazi kidogo kwa kila tone, kwa hiyo utakanyaga zaidi ili upate mwendo uleule, na sehemu ya ulichookoa kwenye pampu utairudisha. Ukiwa na turbo mbili zinazosukuma hewa kwa nguvu, kinga hiyo haifai kugeuzwa kuwa utaratibu wa kila wiki.

Kuhusu matairi, gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne. Mbele na nyuma zikitofautiana sana kwa mzunguko, kwa sababu moja ni mpya na nyingine imelika, mfumo unaogawa nguvu utafanya kazi bila kupumzika na kuchakaa. Badilisha manne pamoja.

Dada wa Klachi Mbili:
Mimi ninalo la namna hiyo, na nitaongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Kaka Makini, usiuze hilo la lita 1.5. Foleni liachie gari dogo, GT-R lipeleke barabara kuu, na hapo karibu utaisahau hesabu ya mjini. Klachi nazo zitakushukuru, maana kutambaa kwa gia ya kwanza huzipasha joto na kuzila. Ila usiliegeshe miezi, betri itakufa na matairi yatapata ubapa.

Msafiri Makini:
Dada, gari dogo linabaki, nimekubali. Keshokutwa nakwenda kuliona tena hilo la kununua. Mwenyewe anasema matairi ni kama mapya.

Hesabu Kwanza:
Usiangalie kina cha vijia peke yake. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna namba inayoishia na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Ukikuta tarehe hiyo, matairi ni yale yaliyokuja na gari, mpira umekwisha kukakamaa hata kama vijia vimejaa, na bei ya seti nzima uitoe kwenye bei anayokutajia.