Stika 2,000 za chupa, QR niliyoambiwa ni ya bure imekufa siku ya 15. Huu ni wizi!

Mbukwenyi wakuu.

Nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana najua humu kuna wengi wenye stika, vipeperushi na kadi za mwaliko zenye bomu kama langu.

Natengeneza juisi ya zabibu na zabibu kavu hapa Dodoma. Zabibu nanunua kwa wakulima wa Mpunguzi na Hombolo, mchuzi nakamua mwenyewe. Mwaka huu nilijipanga kwa Nanenane pale Nzuguni, nikaona kila chupa iwe na QR, ule mchoro wa mraba wenye vidoti unaosomwa kwa kamera ya simu, mteja akiskani aingie moja kwa moja WhatsApp yangu aagize. Julai 25 nikatafuta mtandaoni sehemu ya kutengeneza QR bure. Tovuti ya kwanza kutokea imeandika BURE kwa herufi kubwa. Wakataka barua pepe na namba ya simu, nikawapa. Nikaweka linki, nikachagua rangi ya zambarau, nikapakua picha. Nikajaribu kwa simu yangu na ya jirani, inafungua vizuri. Nikapeleka kwa mchapaji mjini, stika 2,000 kwa shilingi 150 kila moja. Laki tatu taslimu.

Tarehe 8 Agosti, siku ya kilele, watu wamejaa. Akaja mzee mmoja na binti yake. Wakaonja, wakapenda, mzee akaweka chupa nne pembeni akaanza kutoa hela. Binti akaelekeza simu kwenye stika. Ukafunguka ukurasa mweupe wenye alama nyekundu ya hatari, umeandikwa kwa Kiingereza kwamba msimbo huu umesimamishwa na mwenye nao anatakiwa kulipia. Chini yake tangazo la jamaa hao hao, wanamkaribisha binti wa watu atengeneze QR yake bure! Akamwonyesha baba yake. Mzee akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii biashara yako imesajiliwa kweli?" Akachukua chupa mbili, mbili akaziacha mezani.

Upole wake ndio ulioniuma. Angefoka ningejitetea.

Usiku nikaingia kwenye akaunti. Kumbe nilikuwa kwenye majaribio ya siku 14. Kuifufua ni dola 15 kwa mwezi, ila unalipia mwaka mzima kwa mkupuo, yaani dola 180. Hiyo inapita laki nne, kwa picha ya vidoti vyeusi na vyeupe! Hilo neno majaribio sikuliona popote wakati napakua.

Mtoto wa kaka yangu anasoma UDOM. Nikampa chupa aangalie. Akaskani, akanizuia nisibonyeze, akaniambia, "Shangazi, soma kwanza hiyo anwani. Hii siyo linki yako." Kweli, pale hapakuwa na WhatsApp wala namba yangu. Palikuwa na anwani fupi ya hao jamaa na herufi za ovyo mwishoni. Kumbe QR niliyochapa haikuwahi kubeba linki yangu hata siku moja. Ilimpeleka mteja kwao kwanza, halafu wao ndio wanamsukuma kwangu. Siku 14 zilipoisha wakafunga mlango wao, na stika zangu zote zikafa kwa pamoja.

Wakuu, QR ya kawaida HAIFI. Haina tarehe ya kuisha. Ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa mchoro, basi. Linki ya wa.me, ile fupi ya kumfungulia mtu WhatsApp yako, yenye namba ya Tanzania ina herufi 26 tu, inaenea kwenye mraba wa vidoti 25 kwa 25. Ukishaichapa hakuna mtu duniani anayeweza kuizima. Hata ikichanika au kuchafuka kidogo bado inasomeka, kwa sababu ndani yake kuna hesabu za kujirekebisha, na ukichagua kiwango cha juu inavumilia kuharibika kwa karibu asilimia 30.

Na hakuna anayedaiwa ada ya kuitumia. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kazi iliyoongozwa na mhandisi Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Hakimiliki ya uvumbuzi walikuwa nayo, ila walitangaza wazi kwamba hawatamdai mtu anayeitumia kwa kufuata kiwango, na tangu mwaka 2000 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Wenye mali wameiachia dunia bure, halafu anakuja dalali katikati kumtoza mama muuza juisi wa Dodoma!

Sijamaliza. Kwenye akaunti nikakuta orodha ya kila aliyeskani: saa, mji, aina ya simu. Dodoma, Dodoma, Singida, Dodoma. Wateja wangu hao! Walikuja kununua juisi, hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuandikwa kwenye daftari la kampuni wasiyoijua. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na mimi bila kujua nimekuwa mlango wa kuwachungulia watu wangu. Hili linanikera kuliko hata ile laki tatu.

Wenye gesti na migahawa, ninyi ndio nawaogopea zaidi. Ile QR ya Wi-Fi mnayobandika ukutani ina jina la mtandao na nywila yenyewe ndani yake. Ukiijaza kwenye tovuti ya namna hii umeikabidhi nywila yako kwa mtu usiyemjua.

Dogo alinionyesha namna ya kupima tovuti. Fungua ukurasa wa kutengenezea QR, kisha zima data kabisa, halafu jaza linki yako. Mchoro ukitokea data ikiwa imezimwa, kazi imefanyika ndani ya simu yako, hakijatoka kitu. Usipotokea, ondoka. Wakidai akaunti au barua pepe kabla ya kupakua, ondoka. Zipo tovuti za bure kweli, hazikuulizi hata jina. Chrome yenyewe ina sehemu ya kutengeneza QR ya ukurasa uliofungua, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kwenye kompyuta, inayo ndani tangu toleo la 6.4. Na kabla hujapeleka kwa mchapaji, skani, soma anwani yote herufi kwa herufi. Ukiona si uliyoandika wewe, usichape.

Najua atakuja mtu aseme QR ya kupitia kwao ina faida, unabadilisha inakoelekea bila kuchapa upya. Ni kweli, na mwenye kuhitaji hilo alipie, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kumpa mtu QR ya kupangisha huku umeiandika bure, ukijua kabisa atakwenda kuichapa, na ukisubiri achape ndipo umbane. Siku 14 hazikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Ndio muda wa stika kutoka kwa mchapaji na kufika kwenye chupa.

Sitalipa hiyo dola 180. Nimeshatengeneza nyingine, dakika mbili, data imezimwa, bila akaunti.

Zimebaki stika 1,300 ndani ya boksi, na chupa kama 400 zimeshabandikwa, ziko kwenye maduka ya Majengo na Area C. Nimezunguka jana na leo kuwaomba wenye maduka radhi. Naomba msaada kwa wanaojua: ni mchapaji gani hapa mjini anatoa kistika kidogo cha kubandika juu ya kile cha zamani, gundi isiyoachia chupa ikitoka jasho la friji? Nahitaji 1,700 kabla ya Jumatatu.