Mjane nimekataa kurithiwa, sasa wanasema nikubali koti tu. Naomba ushauri

Nyar_Alego:
Hamjambo wapendwa. Mimi ni mjane niko Siaya, mume wangu alipumzika mwaka jana, tuna watoto watatu, wavulana wawili na msichana. Tangu matanga iishe wamenikalia ngumu nirithiwe, tero, yaani ndugu wa mume anichukue kama mke, na mimi nimeokoka nimewaambia wazi hiyo siwezi. Shida mume wangu ndiye alikuwa kifungua mimba hapa bomani so shemeji zangu wanasema nimewafungia njia, hawawezi kupanda kabla yangu na mimi sipandi kabla sijarithiwa, na mvua ya mwezi wa tatu hiyo inakuja. Nyumba inavuja, mabati nimenunua yako nje yameegemea ukuta, fundi wa hapa hakuna anayetaka kupanda juu, anaogopa chira, ile laana ya kuvunja mila. Mama mkwe siku hizi hata chai yangu hanywi. Mtoto akikohoa tu utasikia "si tulisema".

Hayo yote nimebeba. Kilichonimaliza ni mzee wa kanisa, kanisa langu mwenyewe, juzi amekuja akaniambia nisiwe mgumu, ati kuna njia ya wakristo, mtu anatundika koti kwa nyumba, anakunywa chai anaenda zake, kesho yake anachukua koti, hakuna kulala na mtu, boma inatulia. Nimechoka jameni na naona kama inaingia akilini. Nikikubali koti nimemkana Bwana ama?

Fundi_Bomba:
Dada kubali uweke mabati watoto walale pakavu. Koti ni nguo. Naamani, yule jemadari wa Shamu, aliomba asamehewe akiinama na mfalme wake kwa nyumba ya Rimoni, mungu wao, na Elisha akamwambia enda kwa amani, soma 2 Wafalme 5.

MamaJoy_HB:
Fundi, Naamani alishabeba hadi udongo wa Israeli, kila mtu alijua ameabudu nani. Hapa wakiona koti wanajua umerithiwa, ndio maana wanatulia, sasa hiyo amani imetoka wapi? Mimi mjane pia, Homa Bay, nilikataa mpaka koti. Sitakudanganya ilikuwa rahisi, nililima shamba la kukodi na sokoni kuna mama alikuwa anasogeza nyanya zake mbali na zangu. Paa waliniwekea vijana wa kanisa kutoka mbali, waliimba wakipiga misumari mpaka mama mkwe akatoka kuangalia. Tafuta fundi asiye wa hapo.

Sheria_Kijijini:
Pole dada. Mimi niseme ya korti. Katiba kifungu cha 2(4), mila ikigongana na Katiba ni batili, na sheria ya dhuluma za nyumbani ya 2015 imetaja kurithiwa kwa lazima na kutakaswa wajane. Lakini hiyo ya kukimbilia ni shamba. Hati iko kwa jina la nani?

Nyar_Alego:
Ya baba mkwe, alikufa kitambo. Na shemeji mmoja ananipiga na Kumbukumbu 25, ile ya ndugu kuoa mjane wa nduguye.

MamaJoy_HB:
Hiyo ni ya aliyekufa bila mtoto, wewe una wavulana wawili. Mwambie asome pia 1 Wakorintho 7:39, mjane yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu.

Sheria_Kijijini:
Basi urithi wa mzee ndio unaanza, halafu wa mume wako, na kwa huo wa mume wewe mke ndiye wa kwanza kupewa usimamizi, kifungu cha 66 Sheria ya Urithi. Karatasi yoyote shemeji akileta USITIE SAHIHI.

JaKarachuonyo:
Mimi ni shemeji ya mjane, so niwatetee kidogo. Hao wanaogopa kweli, si ubaya tu. Kwetu shem aliita watu wote mbele ya mama akasema pandeni, mimi siwafungii, nimemwachia Mungu. Wengine walikataa, mimi nikachukua jembe kesho yake na mahindi nilivuna. Usijifungie ndani, ongea nao wakiwa wengi.

Nyar_Alego:
Asanteni sana. Koti nimekataa, nimempigia mzee sasa hivi, amenyamaza halafu akasema atapeleka kwa kamati, haya apeleke. Jumapili nitawaita wote kwa mama. @Sheria naanzia wapi, chifu ama naibu?

Sheria_Kijijini:
Naibu chifu kwanza, anajua boma yenu. Beba cheti cha kifo, kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya warithi ikiandikwa hakikisha majina ya watoto wote watatu yako, msichana pia, huyo ndiye huwa wanasahau.