Raketi ya mbao: nikaze nyuzi kilo ngapi?

Shomari_T: Wakuu, naombeni ushauri. Nina raketi ya tenisi ya mbao, Dunlop Maxply Fort, ya mwaka 1925. Nataka kuifunga nyuzi mpya niichezee. Kilo ngapi zinafaa? Naogopa sana kuivunja.

Mstari_wa_Nyuma: Itundike ukutani, mkuu. Kichwa chake hakifiki sentimita za mraba 460. Raketi ya Prince aliyoibuni Howard Head, ya 1976, ilikuja na karibu 710, na enzi ya mbao ikaanza kuisha hapo. Mchezaji John McEnroe alichukua Wimbledon 1981 kwa Maxply, lakini 1983 alishika raketi ya grafaiti, Dunlop Max 200G.

FundiNyuzi: Kaulizwa kilo, tumjibu kilo. Kwa mbao ya umri huo ni 20 hadi 23. Tumia nailoni laini, unene milimita 1.30. Uzi wa utumbo wa ng'ombe ni mtamu zaidi, ila haupatani na unyevu. Poliyesta usiiguse: ni ngumu, hainyumbuki, pigo lote linaishia kwenye fremu. Matundu ya mbao hayana plastiki ya kukinga, uzi unakaa juu ya mti wenyewe, kwa hiyo kagua moja moja kama limechimbika. Fremu iko katika hali gani?

Shomari_T: Iko sawa tu.

FundiNyuzi: "Sawa tu" hainisaidii, ndugu yangu. Pima upana wa kichwa. Una uzi gani?

Shomari_T: Haya. Nyuzi za wima nimeshafunga jana usiku. Poliyesta, kilo 26. Za mlalo nilipanga kumalizia leo. Lakini raketi yangu ya grafaiti inabeba 26 bila shida, na uzi nimeshanunua. Kichwa kimetanuka milimita 6 tu.

FundiNyuzi: Zikate sasa hivi! Nyuzi za wima zinavuta ncha ya kichwa kuelekea shingoni, kichwa kinafupika na mbavu, yaani pande zake mbili, zinatoka nje. Za mlalo ndizo zinazorudisha mbavu ndani. Ukilala bila kuzifunga, mti unazoea umbo hilo na gundi kati ya zile mbao nyembamba inaanza kuachia. Kata ukianzia katikati: mmoja kushoto, mmoja kulia, hadi pembeni. Ukimaliza upande mmoja kwanza, fremu itajipinda.

Kapteni_Koti: Mimi siamini habari hii. Maxply imetoka 1931, hiyo ya 1925 imetoka wapi? Huyu anatafuta maelezo ya kuuzia raketi.

Shomari_T: Kapteni, mwaka nimeambiwa na aliyeniuzia, nikaandika vilevile. Siiuzi. Nimekata kama Fundi alivyosema. Milimita 4 zimerudi, 2 zimebaki.

Mstari_wa_Nyuma: Kumpa mnunuzi mwaka wa uongo ni kumwibia. Watu waache tabia hiyo.

FundiNyuzi: Ibane kwenye kibanio cha mbao chenye skurubu nne, siku mbili. Kaza skurubu kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ukiitoa, ilaze juu ya kioo: ikichezacheza, imepinda, usiifunge. Ikitulia, weka nailoni, kilo 21. Wima uanzie katikati, upande mmoja usitangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili. Mlalo uanzie kichwani ushuke shingoni, siku hiyohiyo. Pima upana tena kabla ya fundo la mwisho.

Shomari_T: Kibanio ninacho. Naibana sasa hivi.