Maji ya kostiki ya asilimia 30 kwa sabuni ya mwani: maji lita moja au gramu 700?

MwaniWete: Assalaam alaykum jamani. Kikundi chetu huku Wete tunataka kutengeneza sabuni ya mwani kwa kilo 2 za mafuta ya nazi. Tumeambiwa maji ya kostiki (soda kali, yaani sodiamu haidroksaidi, iliyoyeyushwa majini) yawe ya asilimia 30. Mwenzangu anasema tutie gramu 300 za kostiki kwenye lita moja ya maji, basi. Mimi nahisi sivyo, ila hesabu ya kumwonesha sina. Na hizo gramu 300 zinatosha?

Mwalimu_wa_Skuli: Waalaykumu salaam dada. Uko sawa. Asilimia ya uzito huhesabiwa kwa jumla, kostiki pamoja na maji yake. Gramu 300 na maji gramu 1,000 ni 1,300. 300 gawa kwa 1,300 unapata asilimia 23 tu. Ukitaka 30, maji yawe gramu 700. Na maji yapimwe kwa mizani, jagi huongopa.

Bi_Sabuni: Mwalimu kasema kweli, lakini imebaki nusu. Kiasi cha kostiki kinatoka kwenye mafuta. Kilo moja ya nazi hula takriban gramu 183, kwa hiyo kilo 2 ni 366. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, sabuni isikaushe ngozi: 348. Sasa gawa 348 kwa 0.30, jumla 1,160. Toa kostiki, maji ni gramu 812. Hiyo ni nazi tupu! Mkichanganya na mawese hesabu inaanza upya, maana mawese hula kama gramu 141 kwa kilo.

MwaniWete: Ahsante sana bibi. Kwa hiyo tungetia 300 ingekuwaje?

Bi_Sabuni: Karibu asilimia 18 ya mafuta yasingegeuka sabuni. Ingekuwa laini zaidi na ingeweza kuchacha mapema.

Mtu_wa_Maabara: Kopo la kostiki lifungwe barabara. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani, na masika ndiyo zaidi. Utapima 348 kumbe nyingine ni maji. Tieni kostiki majini kidogo kidogo, kamwe msimwage maji juu ya kostiki, yatachemka yawarukie usoni. Ndoo ya plastiki nzito. Sufuria ya alumini hapana kabisa, italika na kutoa haidrojeni. Miwani na glavu ni lazima. Ikigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka, wala msihangaike na siki.

MwaniWete: Na unga wa mwani tunautia humo humo?

Bi_Sabuni: La, mwanangu. Acheni maji ya kostiki yapoe, yachanganyeni na mafuta, korogeni mpaka yawe mazito kama uji mwepesi. Hapo ndipo mimi hutia mwani.