Nimekosea salamu kijijini, kaskazini mwa Ghana

Swali: Ndugu zangu, nimefika juzi katika kijiji cha Wadagomba karibu na Tamale kufundisha hisabati kwa kujitolea, na jana nilimpa mzee mmoja mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulishika ndoo ya maji, akanyamaza. Je, nimwombe radhi?

Jibu: Mwombe leo hii, maana huko, kama kwetu Pwani, mkono wa kushoto ni dharau. Je, umeshakwenda kwa chifu na kola, zile kokwa chungu za kutafuna? Haendewi mikono mitupu.

Muulizaji: Bado, mwenyeji wangu amesema tungoje Ijumaa.

Jibu la pili: Ngoja basi, ila salamu usizikatishe: ukiambiwa "Dasiba" asubuhi, itikia "Naa", hata zikifuatana kumi.