Tupeane uzoefu: nani kaongeza RAM mwenyewe kwenye kompyuta ya mezani?

Wakuu habari za jioni. Nina kastesheneri huku Malimbe, Mwanza, karibu na chuo, mashine moja tu ya mezani, RAM (ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, wiki za wanafunzi kukusanya kazi nikifungua Word na PDF mbili na brauza basi inaganda, mteja anaangalia saa mimi naangalia dari. Fundi anataka niiache kwake siku mbili, hizo siku mbili nitakula nini? Mliowahi kuongeza wenyewe leteni stori.

*Wa Nansio:*
Yangu ni ya meli 😂 Nilivuka kuja mjini nikanunua kijiti cha RAM cha GB 8, muuzaji kauliza DDR ngapi, yaani kizazi gani cha RAM, nikamjibu yoyote tu kaka. Nimerudi kisiwani nafungua kava, kijiti kinagoma, ule mkato wa kwenye meno haukutani na kile kidude cha kwenye sloti, nageuza huku nageuza kule, kumbe mashine ni DDR3 mimi nimebeba DDR4. Bora sikukandamiza. Kesho yake meli tena, nauli juu ya nauli. Siku hizi nachomoa cha zamani naenda nacho dukani, nasema nipe ndugu yake huyu.

*Kirumba Juu:*
Mimi nakaa karibu na mwaloni, wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa usiku nimewakuta ndani ya kava wamekaukia kwenye feni kama dagaa wa kuanikwa. Nikapuliza, nikachomeka RAM, nikawasha, bip bip bip, skrini nyeusi tii. Jasho! Nikachomoa nikasugua meno yale ya dhahabu kwa raba ya penseli pole pole, nikarudisha, nikabonyeza kulia na kushoto mpaka vishikizo vikalia ka! Ikawaka. Nadhani mwanzo nilikuwa naogopa kuvunja bodi, kumbe inataka nguvu kidogo.

*Buzuruga:*
Kwanza chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, halafu gusa bati la kava kabla hujashika RAM. Mimi niliweka GB 8 mashine ikaniambia inayotumika ni GB 3 na kitu, nikampigia muuzaji nikamshushia maneno, kumbe Windows yangu ilikuwa ya bit 32, hiyo kwa kawaida haivuki GB 4. Nikaweka ya bit 64 ikasoma zote. Mpaka leo pale dukani napita upande wa pili wa barabara.

*Mwenye stesheneri:*
Nimefungua. Sloti nne, vijiti viwili vya GB 2, vimeandikwa PC3-12800. Ndo nini?

*Wa Nansio:*
DDR3 hiyo, ya kasi ya 1600. Chukua viwili vya GB 4 vinavyofanana ujaze hizo sloti tupu. Na usipewe ya laptop, ile ni fupi haiingii.

*Mwenye stesheneri:*
Imesoma GB 12 wakuu!! Nimefungua PDF kumi makusudi haijashtuka. Sasa mteja wa kwanza leo kaja kutoa kopi ya kitambulisho.